Aliye wa Kwanza kwenye Laini

Kiwandani,
Jumatatu, 4 Machi

Mdogo wangu Waya,

Simu usinipigie. Tangu siku ile ya Februari uliponikatia katikati ya mazungumzo, nimejisemea kwamba kama una radhi ya kuomba, utaiandika. Naanza mimi kuandika, si kwa sababu nimepoa, bali kwa sababu kazi ya mikono yako inaniharibia kazi ya mikono yangu.

Unajua hali tuliyonayo. Kampuni ya simu imetupa laini moja, basi. Wanasema sanduku la mtaani limejaa, nafasi ya pili hakuna. Juu ya laini hiyo moja wewe ulipanga vyote: swichibodi na simu zake nne za ofisini, faksi, na kile kisanduku cha Mama huko chumbani juu, cha kuitia msaada, chenye kitufe anachovaa shingoni. Sikatai, ulifunga vizuri. Wageni wakija nawaonyesha ule ukuta: nyaya zimelala kama nywele zilizosukwa na mtu asiye na haraka. Fundi wa mjini niliyemwita alisimama mbele yake akanyamaza, na yule si mtu wa kunyamaza.

Lakini inakatika. Wiki iliyopita mara tisa. Naongea, ghafla kimya, kama mtu kaifumba mdomo nyumba nzima. Sekunde chache, mlio unarudi, lakini niliyekuwa naongea naye ameshapotea. Hospitali inachukua mikate mia sita kwa siku, theluthi ya ninachooka. Oda yao inakuja kwa faksi kila asubuhi, maswali yanakuja kwa simu, na mkataba unaisha mwezi huu. Bwana Stoo wao nimeshakatika naye mara mbili. Mara ya pili aliniambia, "Bosi, kama simu tu inawashinda, mikate mtaiweza?"

Fundi wa mjini anasema mbaya ni kisanduku cha Mama, kwa sababu umekiweka mbele ya vyote. Anataka kukihamishia nyuma ya swichibodi, kiwe kama simu ya tano. Atakuja Jumamosi, tarehe 30. Nimekubali. Mimi nilianza na tanuri la debe nyuma ya chumba cha kupanga, sikusomea chochote, ila hesabu hii naijua: laini inaleta oda, oda inanunua dawa za Mama. Ofisi ndiyo iwe ya kwanza.

Kama una hoja, iandike.

Dada yako

*

Jumamosi, 9 Machi

Shikamoo Dada,

Barua yako imefika na moto wake wote, haukupotea hata kidogo njiani.

Kwanza tuliweke hili mahali pake. Mimi sikukata simu. Uliyekata ni wewe. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya kazini, mkono wa simu sikioni, nikabaki naongea na ukimya mbele ya watu. Nikangoja upige tena. Hukupiga.

La pili, kisanduku. Waya wa simu unatoka mtaani, unafika kwanza kwa Mama, kisha kwenye faksi, kisha kwenye swichibodi. Sikupanga hivyo kwa mapenzi tu. Kifaa kilicho cha kwanza kinaweza kuwanyamazisha wote walio nyuma yake na kuichukua laini. Kilicho nyuma hakiwezi kumwambia wa mbele apishe. Umesahau siku alipoanguka bafuni? Wakati ule simu yake ilikuwa nyuma ya swichibodi, kama huyo fundi anavyotaka sasa. Alijikokota na nyonga ile hadi kitandani, akainua simu, akakuta laini ina mtu. Akaweka chini, akainua, ina mtu. Chini yake karani alikuwa anasomewa oda ya maandazi ya harusi, neno kwa neno. Karani angesahau kupandisha chai siku ile, mimi na wewe tusingekuwa tunabishania kisanduku leo.

Nakuomba usimruhusu mtu akiguse kabla hatujajua kinachokata. Fanya hivi: siku moja chomoa faksi. Siku nyingine chomoa swichibodi, utumie simu moja tu ya kawaida. Kisha niambie: inapokatika, nani anaongea, na anaongea nini?

Wenzangu hapa hawaamini ninapowasimulia kwamba nina dada anayeweza kusimama mlangoni, akanusa moshi, akasema trei ngapi zimeungua. Nawaambia mje muone. Kwa hiyo siamini kwamba kitu kama hiki kitakushinda.

Mdogo wako,
Waya

*

Kiwandani,
Alhamisi, 14 Machi

Waya,

Umenisifia ili nisione kwamba umekana. Nimeona. Mimi mkono wa simu niliuweka chini baada ya kubaki na ukimya, si kabla. Tuache.

Nimefanya majaribio yako. Nimechomoa faksi: imekatika. Nimechomoa swichibodi nzima, ofisi imekaa na simu moja kama kibanda cha mlinzi: imekatika. Umeniuliza nani alikuwa anaongea. Katika zile tisa, saba nilikuwa mimi. Mbili alikuwa msimamizi wa tanuri, na yeye unajua koo lake. Karani hajakatika hata mara moja, naye ndiye anayeongea kutwa nzima kwa sauti yake ile ya asali. Hesabu hiyo haina maana yoyote kwangu. Nyaya hazijui nani ni bosi.

Unataka kujua nilikuwa naongea nini. Basi Jumanne nilimpigia mwenye unga. Nikamwambia, "Mzee, gunia hili lina unga au vumbi la barabara?" Akasema, "Bosi, unga ni uleule, labda mikono ya kukanda ndiyo imebadilika." Mikono imebadilika! Nikavuta pumzi nimpe la kwake, tena nililipata zuri, laini ikafa. Nilipompigia tena alikuwa anacheka, mimi nimeshasahau nilikuwa naelekea wapi, akasema mwenyewe kwamba atabadilisha magunia yote. Na Bwana Stoo vilevile. Alidai trei moja ilikuwa pungufu. Nilikuwa namweleza kwamba pungufu si trei, na ndipo nilipotaka kumwambia kilicho pungufu, kimya.

Kwa hiyo si faksi na si swichibodi. Kimebaki kisanduku. Fundi wa mjini alikuwa sahihi, nawe unaona.

Nilipanda juu kumwambia Mama. Alikuwa anafuma sweta lake lisiloisha. Akaniuliza, "Huyo fundi ana mama?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Muulize kabla hajashika bisibisi." Nilishuka ngazi moyo umenikaa vibaya, lakini tarehe 30 iko palepale. Bwana Stoo anaamua siku hiyohiyo, na siwezi kumwendea na laini inayozimia.

Dada yako

*

Jumatatu, 18 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini nyonga inakuacha ulale.

Nina swali moja, na nakuandikia wewe peke yako kwa sababu nakuheshimu. Nilipofunga kile kisanduku Januari uliniomba niunganishe hapohapo na simu yako ya zamani, ile nyekundu, ukasema hutaki kupitia kwa karani kila unapotaka kuongea. Nikafanya. Sasa laini ya Dada inakatika, na inakatika anapoanza kuwaka tu. Nimeigeuza akilini wiki nzima. Hakuna kifaa ninachokijua kinachochagua hasira.

Mama, ni wewe?

Mwanao

*

Chumbani juu,
Ijumaa, 22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nyonga inauma lakini inanitii.

Unaniuliza kama mtu anayeuliza nani amelamba sukari huku anaziona chembe kidevuni. Ndiyo, ni mimi. Hiyo akili ya kugundua umeitoa kwangu, usidhani ni chuoni.

Wewe ulinijua nikiwa mama tu. Hukunijua opereta wa simu. Tulikaa wasichana wanane mstari mmoja, vipokea sauti masikioni, kamba mkononi, ubao wa matundu mbele yetu, na mji mzima ulipita vidoleni mwetu. Kusikiliza maneno ya watu ilikuwa marufuku, na hatukusikiliza maneno. Tulisikiliza pumzi. Watu wawili wakigombana huwa kuna pumzi moja ambayo si kama nyingine. Inaingia ndefu, kisha inasimama. Baada yake hutoka neno ambalo halirudishiki. Msimamizi wetu, mwanamke mkali ambaye sijawahi kumwona akicheka, ndiye aliyetufundisha: ukiisikia pumzi hiyo, vuta kamba. Polepole. Kisha ingia kwa sauti tamu: "Samahani, laini imekatika. Niwaunganishe tena?" Kufikia hapo pumzi imeshatoka bure. Haikuandikwa popote, lakini zipo ndoa katika mji ule zilizofika uzeeni kwa sababu ya kamba zetu.

Dada yako namsikia kupitia sakafu kabla sijamsikia kwenye simu. Kikombe changu kikianza kutetemeka kwenye sahani, nainua ile nyekundu. Pumzi ikija, nabonyeza kitufe, laini inakuja kwangu, kisha nafuta kabla kisanduku hakijampigia mtu. Na yule msimamizi wa tanuri namkata pia, kwa faida yake.

Sijamwona mtu kama dada yako. Kutoka debe moja mpaka matanuri matatu, kwa mikono miwili, na mimi mgongoni mwake. Nikimsikia anavyopanga watu alfajiri, kila mmoja na kazi yake, nalala hapa nikitabasamu peke yangu kama mwehu. Ila ulimi hakuuanzia kwenye debe. Ulizaliwa tayari mkubwa.

Usimwambie. Akijua nasikiliza ataongea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima, na biashara ile haiendeshwi hivyo. Niahidi.

Mama yako

*

Jumanne, 26 Machi

Dada,

Jana nilikupigia, radhi au bila radhi. Karani akaniambia kwa asali yake yote kwamba umesema hupokei.

Mwambie fundi asije. Kisanduku ni kizima. Najua kwa nini laini inakatika na nimeombwa nisiseme, na aliyeniomba siwezi kumvunjia neno. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kikihamishwa nyuma, atakapobonyeza siku ya kweli atakuta laini ina mtu, na huyo mtu utakuwa wewe.

Panda ngazi. Ni kumi na nne tu. Muulize.

Waya

*

Chumbani juu,
Jumamosi, 30 Machi

Binti yangu Hesabu,

Naiweka barua hii kwenye trei ya chai, karani atakushushia. Unaweza kusema mama kachanganyikiwa, anamwandikia mtu aliye chini ya miguu yake. Naandika kwa sababu tukiongea ana kwa ana sina kitufe cha kukukatia, nawe huna cha kunikatia mimi.

Jana ulipanda na barua ya mdogo wako mkononi, ukasimama mlangoni, ukaniangalia, ukashuka. Hukuuliza. Ukaniuliza kama nataka sukari. Nikajua mtoto yule amenitunzia siri mpaka imemchubua. Kwa hiyo naisema mwenyewe.

Ninayekukata ni mimi. Naisikia pumzi yako kabla hujasema neno baya, na nakukata kama nilivyowakata wengine kwa miaka yote ile kazini. Kila ukikatika umepiga tena, na kila ukipiga tena umekuwa mtu mwingine. Mwenye unga alibadilisha magunia. Bwana Stoo hajui hata leo ulichotaka kumwambia, na mkataba bado uko mezani. Sikuombi msamaha kwa hayo. Ningekuwa na mshahara wangu wa zamani ningekudai.

Ninachotaka kukuambia ni kimoja. Siku ile ya Februari, wewe na mdogo wako. Alisema nihamie kwake, wewe ukasema mtu aliyeondoka nyumbani mapema hawezi kupanga nani akae wapi. Alisema jambo, nawe ukavuta pumzi. Sijawahi kusikia pumzi ndefu kama ile, hata kwa mawakili. Nikabonyeza. Kisha nikakaa na ile nyekundu mapajani nikingoja mmoja wenu apige. Zamani nilikuwa na kauli ya kusema baada ya kuvuta kamba. Hapa kitufe hakina kauli. Niliwakata ili muungane, hakuna aliyepiga, na kila mmoja akaenda zake akijua ni mwenzake. Nimewasikiliza mkinyamaziana mpaka leo.

Hakuna kati yenu aliyekata. Mwambie.

Sasa fundi atakuja saa nne. Kama unaona ofisi iwe ya kwanza, iwe. Nyumba ni yako, tanuri ni lako, na sijawahi kula mkate ambao hukuutolea jasho. Sitakununia. Ila nilitaka uamue ukiwa unajua.

Mama yako

*

Kiwandani,
Jumatatu, 1 Aprili

Mdogo wangu Waya,

Barua ya Mama ilikuja na chai. Chai ilipoa. Niliisoma nimesimama kwenye stoo ya unga, kwa sababu ndipo mahali pekee humu ndani ambapo mtu akitokwa na machozi anasingizia vumbi.

Fundi alifika na mkoba wake. Alikuwa ameshafungua kifuniko na bisibisi iko mkononi. Nikamuuliza, "Fundi, una mama?" Akasema, "Ninaye, bosi, kwa nini?" Nikamwambia, "Basi funga mkoba." Akaangalia ukuta wako, akaniangalia mimi, akasema, "Lakini kisanduku ndicho kinachokata." Nikamwambia najua, tena kinakata vizuri sana. Nimempa mikate miwili ya moto kwa usumbufu. Ameondoka akitikisa kichwa, na sasa mtaa mzima utajua kwamba kwangu kuna wehu.

Kisha nikapanda. Alikuwa na sweta lake, macho chini, kama mtoto anayesubiri matokeo. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikakaa kitandani nikamwambia anifundishe hiyo pumzi. Tumekaa pale mpaka wafanyakazi wakaja kugonga kuuliza kama leo hakuna kuoka. Ananionyesha na mkono kifuani pake: hii ya kawaida, hii ya uchovu, hii ya mtu anayetaka kukopa, hii ndiyo yenyewe. Waya, mimi najivunia kujua bei ya kila kitu kinachoingia na kutoka mlangoni kwangu, na juu ya kichwa changu kulikuwa na mtu anayeujua mji kwa pumzi. Miaka yote namhesabu upande wa gharama. Huyu mwanamke amekuwa mfanyakazi wangu bora tangu Januari, na sikumlipa hata kikombe.

Bwana Stoo alipiga saa nane. Akarudia habari ya trei pungufu. Nikaisikia ikija, ndefu, ikasimama hapa kooni. Nikangoja kimya kije. Hakikuja. Kwenye laini kulikuwa na mguso mdogo tu, kama ukucha kwenye meza, mara moja. Nikaitoa pumzi bila neno. Nikamwambia, "Njoo kesho uhesabu mwenyewe trei zikitoka, nitakuwa na wewe." Akasema, "Bosi, leo hukukatika." Mkataba ametoa wa miezi sita, si mwaka. Tutaona.

Sasa la kwetu. Nilichotaka kukuambia siku ile ya Februari nakijua, neno kwa neno, na nimekibeba mpaka leo nikidhani ulinikatia kwa sababu ulikisia. Hukukisikia. Hutakisikia. Kilikuwa habari ya Baba na siku zake za mwisho ambazo hukuwepo, na kilikuwa uongo, ila kilikuwa uongo ulionolewa vizuri. Mama alikikamata hewani. Wewe ulibaki koridoni na ukimya, na ukimya ule, ndugu yangu, ulikuwa ndio zawadi.

Kisanduku kinabaki cha kwanza. Nimemwambia karani kwamba mdogo wangu akipiga, hata nikiwa nimeshika mkono wa waziri, naitwa.

Jumapili ijayo saa kumi jioni nitakupigia. Mama atakuwa kwenye ile nyekundu, tusijifanye hatujui. Tutaongea habari ya yeye kukaa wapi, na safari hii tutamuuliza mwenyewe. Siahidi kwamba sitawaka. Tukikatika, usiuweke mkono wa simu chini ukaenda zako. Kaa hapohapo ulipo.

Nitapiga tena mimi.

Dada yako